Pointi za zamani kwenye reli ya mezani: koili, mota ya polepole, servo, au kidole chako?

Pale Tabora, treni ya Mwanza na ya Kigoma huachana. Kinachozitenganisha ni vyuma viwili vilivyochongwa ncha, ndimi za pointi, ambavyo husogea huku na huku kiasi cha upana wa kiganja. Kwenye reli ya mezani ya kipimo cha OO, ambako kila kitu kimepunguzwa mara 76, ndimi hizo husogea milimita mbili tatu tu. Milimita hizo ndizo zilizonilaza chali chini ya meza majira yote ya baridi.

Naishi Derby, Uingereza. Jirani yangu, mzee aliyehamia nyumba ndogo, aliniachia meza yake ya treni: futi kumi kwa nne, pointi 14 za kampuni ya Peco, kila moja na koili zake (sumaku za umeme za kuigeuza) chini ya ubao, na kibao cha vitufe vyekundu na vyeusi alichokitengeneza mwenyewe. Treni zilikuwa zikienda kwa mtindo wa zamani: ukitaka mwendo unaongeza volti, ukitaka zisimame unapunguza. Nikazihamishia kwenye DCC, mfumo ambao kila kichwa cha treni kina namba yake na amri zinasafiri kwenye reli zilezile zinazobeba umeme. Ni kiwango kinachosimamiwa na NMRA, chama cha Marekani, na chimbuko lake ni kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Vichwa vya treni vilinichukua jioni chache. Pointi zikabaki za mwaka 47.

Njia za kuzitoa huko ni nne, na nimezijaribu tatu kwenye meza yangu. Ya nne, mota za polepole, nimefunga kwa rafiki.

Anza na tochi, duka litasubiri

Kwanza niondoe hofu moja. Kuendesha treni kidigitali hakulazimishi pointi nazo ziwe za kidigitali. Treni inaweza kuwa na namba yake na kuendeshwa kutoka kwenye simu, huku pointi unaigeuza kwa kitufe kilekile cha babu. Wauzaji hawalisemi hili kwa sauti kubwa.

Ukishaamua kwamba unataka kugeuza pointi kutoka kwenye kontrola, usifungue tovuti ya duka. Chukua tochi, ingia uvunguni, uone kuna nini. Silinda mbili za waya mwembamba wa shaba zilizokaa pamoja, na pini ya chuma inayocheza katikati yake, ni koili pacha. Peco PL-10, Seep, Hornby na Atlas ya Marekani ni za ukoo huu: waya mmoja wa pamoja, na mmoja kwa kila upande. Kama una reli za Kato Unitrack utakuta waya mbili tu, mwekundu na mweusi. Humo mna koili moja inayogeuka kwa kubadilisha chanya na hasi. Dikoda, yaani kifaa kinachopokea amri za DCC na kuigeuza pointi, ikiwa imetengenezwa kwa koili pacha haiifai Kato, na kosa hilo watu hulifanya kila siku. Tafuta inayotaja Kato wazi kwenye maelezo yake. Mwenye Märklin ya reli tatu ana koili pacha pia, ila amepona balaa moja nitakayoieleza mbele. Na kama hukuti chochote chini, pointi zako ni za mkono na uko huru kuchagua utakalo.

Swali la pili ni refu kama mkono wako: kutoka unaposimama kuendesha treni, ni pointi ngapi huzifikii? Kwangu, kati ya 14, tisa sikuzifikia; tano zilikuwa ukingoni kabisa mwa meza, karibu na mkono.

Koili uliyonayo, dikoda mpya

Koili ni kama farasi wa mbio: nguvu nyingi, muda mfupi. Inavuta ampea kadhaa kwa sehemu ndogo ya sekunde, pini inaruka, ndimi zinagonga reli: tak! Kisha umeme ukatike. Usipokatika, waya ule mwembamba unachemka.

Najua kwa sababu nilichoma moja. Wiki ya pili ya kuwa na meza ile nilibonyeza kitufe cha pointi namba 6, ikageuka vizuri, nikageukia chai yangu. Kitufe hakikurudi juu. Baada ya kitambo nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati la nailoni. Nilipotambaa chini na kuigusa ile koili, plastiki yake ilikuwa imelainika kama mshumaa na pini imeganda ndani.

Dawa ya hilo ni ya zamani kuliko digitali: kapasita. Inajazwa taratibu, na ukibonyeza kitufe inamwaga yote mara moja ndani ya koili. Ni kata moja ya maji, si bomba lililo wazi. Ikishamwagika imeisha, hata kitufe kikwame mpaka kesho. Dikoda nyingi za koili zina kapasita ndani yake, na nyingine, kama LS150 ya Lenz, zinakuachia upange mpigo wa umeme udumu muda gani.

Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba hugusi kilichofungwa. Koili zinabaki zilipo na nyaya zinabaki. Unachohamisha ni ncha zilizokuwa zikiishia kwenye vitufe. Sasa zinaishia kwenye dikoda. Kazi ya pointi nne ni ya Jumamosi moja, na kama huna mazoea ya kulehemu, skrubu za dikoda zinatosha. Tena pointi za Peco zina springi ndogo inayobana ndimi upande zilipo, na springi hiyo inataka kupigwa kwa nguvu. Koili na springi zilizaliwa kuishi pamoja.

Ubaya wake ni kelele. Kwa mtu anayependa treni zitambae taratibu kama kwenye stesheni halisi, ule mlio wa tak unavunja njozi. Ubaya wa pili ni bei ya dikoda: kwa kuwa lazima imudu ampea nyingi, huwa ghali kuliko ya mota ndogo kwa kila pointi.

Mota ya polepole

Tortoise ya Circuitron ndiyo iliyozoeleka Marekani. Hapa Uingereza utasikia sana Cobalt ya DCC Concepts. Zote zinageuza pointi taratibu, Tortoise kwa kama sekunde tatu, na zikifika mwisho hazizimwi: mota inabaki imebana ndimi huku umeme ukiendelea kupita. Hili linamshtua aliyewahi kuchoma koili, lakini Tortoise iliyobana inakula kama miliampea 15 tu kwa volti 12. Iache siku nzima, haitapata hata uvuguvugu.

Weka hizo mbili ubavu kwa ubavu. Koili inataka ampea kadhaa kwa nukta moja, mota inataka miliampea 15 mchana kutwa. Ndiyo maana dikoda ya mota inaweza kuwa ndogo na rahisi, na ndiyo maana transfoma moja ya kawaida inaweza kubeba mota 20 bila kulalamika. Juu ya hayo, mota hizi huja na swichi ndani zinazogeuka pamoja na ndimi, jambo ambalo utaliona thamani yake tukifika kwenye frogi.

Bei ndiyo inayouma, kwa sababu unanunua mota kwa kila pointi na kutupa koili inayofanya kazi. Halafu kuna nafasi. Tortoise inaning'inia zaidi ya sentimita 8 chini ya ubao. Meza ya jirani yangu ina droo upande mmoja, na hapo mjadala uliisha. Rafiki yangu niliyemfungia alikuwa na nafasi, lakini kwa kila pointi tulilazimika kung'oa koili, kutoa ile springi ya Peco kwa koleo dogo (inaruka, vaa miwani), kisha kuweka mota na kuisogeza nusu milimita huku na huku mpaka ndimi zibane pande zote mbili. Pointi moja ilitula saa nzima mwanzoni. Ya nane tuliifunga kwa dakika 20.

Cobalt iP Digital ina dikoda ndani yake. Unaunganisha waya mbili kwenye umeme wa DCC, unaipa namba, basi. Kama meza yako ina pointi tatu nne na hutaki kusikia habari za kapasita, lipa hizo hela ulale.

Servo, kitu cha wanaopenda kuchokonoa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipofurahi zaidi, na pia ndipo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ana nafuu. Tortoise utaiagiza ng'ambo na kulipia ushuru. Servo ya SG90, kile kidude cha gramu 9 ambacho wanafunzi wanakifunga kwenye roboti za shuleni, unakipata Luthuli Avenue au kwa wauza vifaa vya elektroniki wa Kariakoo, pamoja na Arduino, bodi ndogo ya kompyuta ya kukiendesha. Kwa bei ya mota moja ya polepole unabeba servo kadhaa.

Servo haigeuki tu, inakwenda kwenye pembe unayoiambia. Inapokea mpigo wa umeme kila milisekunde 20. Mpigo wa milisekunde moja unaipeleka upande huu, wa milisekunde mbili upande ule, na katikati ni katikati. Mimi natumia DCC-EX, programu ya bure inayoigeuza Arduino Mega kuwa kontrola kamili ya DCC, na bodi ya PCA9685 ambayo peke yake inaendesha servo 16. Hapo servo hazihitaji dikoda wala amri kupita kwenye reli. Zinaongea na kontrola moja kwa moja. Mwenye kontrola ya dukani atanunua dikoda ya servo, nazo zipo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Servo niliibana chini ya ubao kwa kipande cha alumini kilichokunjwa. Kwenye mkono wake nikafunga waya mgumu wa milimita 0.8, ukapita kwenye tundu na kuingia kwenye kijitundu cha upau unaounganisha ndimi. Springi ya Peco nikaitoa. Nikaanza na servo ikiwa katikati, nikaipeleka nyuzi moja moja huku jicho likiwa usawa wa reli. Ulimi ulipogusa reli nikaongeza nyuzi tatu, ili waya upinde kidogo na kuendelea kusukuma. Ukiongeza kumi servo inaanza kulia kama mbu, maana inasukuma pasipo na pa kwenda, na meno yake ni ya plastiki. Nikaandika namba za pembe kwa kalamu ubavuni mwa servo. Fanya hivyo, siku kompyuta ikifa utanikumbuka.

Kasoro zake ni mbili. Ukiwasha umeme, servo inaweza kushtuka na kurusha ndimi kabla ya kutulia, kwa hiyo usiache treni imesimama juu ya pointi unapowasha. Ya pili ni urefu wa nyaya: ukizivuta zaidi ya mita moja hivi bila kuzisokota, servo inaanza kutetemeka yenyewe.

Anayechukia kompyuta asijaribu njia hii. Nasema bila kejeli. Jioni moja nzima niliitumia kutafuta kosa, nalo lilikuwa alama moja niliyoisahau kwenye faili.

Kidole

Springi ileile ya Peco inayosumbua servo ni rafiki wa kidole: unasukuma, inajibana. Pointi isiyo na springi unaifungia kijiwenzo kidogo kando ya reli, kama vile vya Caboose Industries. Hakuna waya, hakuna namba, hakuna cha kuungua. Kwenye yadi, ambako hata hivyo umesimama hapo ukihesabu mabehewa, kidole kinaishinda simu kwa haraka. Pointi zangu tano za ukingoni nimeziacha hivyo, na koili zake nikazing'oa ziwe spea.

Frogi na shoti

Sasa ile balaa. Reli mbili zinapokatana katikati ya pointi zinafanya umbo la V. Wapenzi wa treni za mezani wanaiita frogi. Reli ya kulia na ya kushoto zina umeme tofauti, na V hiyo ni ya zote mbili. Kwenye pointi za aina ya Insulfrog ni plastiki, haina umeme, na injini fupi zinazimika juu yake. Kwenye Electrofrog ni chuma chenye umeme, na umeme huo lazima ugeuke kila ndimi zinapogeuka. (Märklin ya reli tatu haina hili, maana reli zake mbili za nje zina umeme mmoja na wa pili unatoka kwenye vidoti vya katikati.)

Zamani Electrofrog ilitegemea ulimi unaogusa reli kuipa umeme. Ulimi ukishika vumbi, umeme unakatika. Na gurudumu likiusugua ulimi ulio wazi kwa mgongo wake, inatokea shoti ya kupepesa jicho. Kontrola za zamani hazikuijali. Busta ya DCC, kifaa kinacholisha reli umeme, inaijali mno: inazima meza nzima. Kwa hiyo ukibadilisha pointi, na umeme wa frogi upange upya, na hapa ndipo njia zetu zinapoachana. Tortoise na Cobalt zinafanya kazi hiyo kwa swichi zao za ndani, bila nyongeza. Koili ya Peco inataka ubandikiwe swichi ya PL-13 au ya aina hiyo. Seep PM1 inayo tayari. Servo inataka rilei (swichi inayogeuzwa na umeme) au swichi ndogo ya kubonyezwa na mkono wake. Ama ununue kile kifaa cha Tam Valley kiitwacho Frog Juicer, kinachogundua shoti na kugeuza umeme wa frogi chenyewe. Mimi nimeziwekea servo zangu rilei.

Jambo jingine linalofanana na hilo: usizichukulie dikoda za pointi umeme kutoka kwenye busta inayolisha reli ikiwa unaweza kuepuka. Treni ikiingia kwenye pointi iliyogeuzwa vibaya, shoti inazima busta. Unataka kuigeuza pointi ili shoti iondoke, lakini dikoda nayo imezimika pamoja na reli. Unabaki ukiitazama treni, nayo inakutazama. Zipe pointi tawi lake la umeme lenye kinga yake, na koili zipewe transfoma yake. Na kama seti yako ilitoka Marekani, angalia adapta kabla ya kuichomeka ukutani Dar au Mombasa; za kule nyingi ni za volti 120 tu.

Ningekuambia nini dukani

Una koili nzima na pointi zisizozidi kumi na mbili: nunua dikoda za koili, acha mengine. Digitrax DS64 ina njia nne, yaani inageuza pointi nne, lakini zote nne lazima ziwe za aina moja, ama koili au mota; usipange kuchanganya. LS150 ina njia sita. Unajenga meza mpya, hela zipo na chini kuna nafasi: mota za polepole, kwa ajili ya swichi zake za frogi kuliko kwa ajili ya mwendo wake. Uko Afrika Mashariki, au unapenda kuandika programu, au una pointi 30: servo. Na zozote unazozifikia kwa mkono, ziache.

Namba hazitakupa shida, DCC ina nafasi ya pointi 2044. Ila ukiamuru ya 1 ikaitika ya 5, usifungue nyaya. Roco na watengenezaji wengine hutofautiana kwa nne katika kuhesabu, na hurekebishwa kwenye mpangilio wa kontrola.

Meza yangu sasa ina pointi tano za mkono, sita za koili na dikoda, na tatu za servo, mojawapo ikiwa namba 6 niliyoichoma. Kibao cha vitufe sikukitupa. Dikoda nyingi zina nafasi ya kuunganisha vitufe, na kwa servo nilitumia pini za Arduino. Nimebakiza vyekundu tu, kila kimoja kinageuza pointi yake huku na huku.

Mwezi uliopita mzee alikuja kunywa chai. Akaenda moja kwa moja kwenye kibao chake, akabonyeza namba 3: tak. Akatabasamu. Akabonyeza namba 6, akatega sikio, kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, na ndimi zilizokuwa zimefika nusu ya safari zikageuka, zikaanza kurudi polepole zilikotoka.